Risala ya wanawake wa Mbeya walionusurika vipigo vya kichwa, kwa Mheshimiwa Mgeni Rasmi, katika maadhimisho ya Siku 16 za kupinga ukatili wa kijinsia

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Waheshimiwa viongozi wa Serikali, wa dini na wa mila,
Waganga wakuu, maafisa ustawi wa jamii na maafisa maendeleo ya jamii,
Maafisa wa Dawati la Jinsia na Watoto,
Watafiti na walimu wa vyuo vyetu,
Akina mama, akina baba na vijana mliohudhuria,



Tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutufikisha siku hii. Wapo wenzetu ambao hawakufika kwa sababu wako kaburini. Wapo pia ambao hawakufika kwa sababu wamesahau. Jana jioni tuliwapigia simu, wakaitikia kwa furaha wakasema watakuja. Leo asubuhi tulipowapigia tena walituuliza, "Kuna nini leo?" Marehemu tunawaombea. Hawa waliosahau ndio tuliokuja kuwasemea.

1. SISI NI NANI

Sisi ni wauza viazi na ndizi, mafundi cherehani, wakulima, mama lishe na walimu wa shule za msingi. Wengi wetu tulifahamiana katika vikundi vya kuweka na kukopa. Umri wetu haulingani, dini zetu si moja, na makabila yetu ni mengi. Kinachotuunganisha ni kwamba kila mmoja wetu alipigwa kichwani au alikabwa koo na mume au mwenzi wake, na baada ya hapo hakuwa mtu yule yule.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kwa ridhaa ya mwenyewe, na jina lake tukilihifadhi, tunaomba tukusimulie ya mmoja wetu. Alikuwa mweka hazina wa kikundi. Sanduku letu lina kufuli tatu, na ufunguo mmoja ulikuwa wake. Marejesho na riba alikuwa akivikokotoa kichwani kabla sisi wengine hatujawasha simu kutafuta kikokotoo. Nyumbani, mumewe alikuwa na mtindo wa kumshika nywele na kumbamiza kichwa kwenye fremu ya mlango. Jioni moja alizinduka akiwa chini sakafuni. Hakujua amelala hapo kwa muda gani. Alichojua ni kwamba wali alioubandika mbichi ulikuwa umeungua, umekuwa mkaa.

Miezi iliyofuata, mambo yake yalianza kwenda kombo. Ufunguo wa sanduku ulipotea ukaja kukutwa ndani ya debe la unga. Akawa anakaa kwenye kivuli, akisema jua linamchoma macho mpaka ndani ya kichwa. Siku ya kugawana ilipofika, hesabu ilipungua shilingi 85,000. Sisi tunaosimama mbele yako leo ndio tuliomwita mwizi. Tulimnyang'anya ufunguo mbele ya watu na kumvua uhazina. Naye hakujitetea, kwa kuwa hata yeye hakujua fedha zimekwenda wapi.

Wiki kadhaa baadaye tuliketi na daftari, tukalipitia ukurasa kwa ukurasa. Hakuna senti iliyoibwa. Marejesho ya mama mmoja yalikuwa yameandikwa mara mbili, na ya mwingine mara mbili vilevile, kwa mwandiko uliokuwa ukizidi kupinda kila mwezi. Tulikuwa tumeshika mkononi maandishi ya ubongo ulioumia, nasi tukayasoma kama wizi.

Tulimwomba radhi, akatusamehe. Risala hii imezaliwa na daftari lile. Yapo madaftari mengine katika nchi hii yaliyosomwa vibaya kama lile letu: hospitalini, polisi, mahakamani na kwenye takwimu za taifa. Tumekuja kuomba yasomwe upya.

2. ELIMU INASEMA NINI

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, akina mama wa vijijini wanakijua kibuyu cha maziwa. Ukikitikisa asubuhi mpaka jua lipande, nje hakina ufa hata mmoja, lakini ndani maziwa si yale tena, siagi imejitenga. Fuvu la kichwa ni kibuyu cha namna hiyo. Ngumi, kofi zito, kichwa kubamizwa ukutani, au mtu kushikwa mabega na kutikiswa kwa nguvu, vyote huufanya ubongo usukumwe huku na huku ndani ya fuvu. Nyuzi nyembamba zinazounganisha sehemu zake huvutika na kuharibika. Ngozi yaweza isichanike hata kidogo. Picha ya CT nayo yaweza kutoka safi, kwa kuwa kazi yake kubwa ni kuonyesha damu iliyovuja na mfupa uliovunjika, na nyuzi zilizovutika hupita bila kuonekana. Wala si lazima mtu azimie. Kuona nyota, kuchanganyikiwa, au kutokumbuka yaliyotokea muda mfupi kabla au baada ya kipigo, hizo zote ni dalili za mtikisiko wa ubongo. Ikiwa kipigo kingine kitaukuta ubongo kabla haujapona, madhara huzidi.

Kukabwa koo ni njia nyingine ya kuuumiza ubongo huo huo. Mishipa ya damu ya shingoni ikibanwa sawasawa, mtu hupoteza fahamu ndani ya sekunde kama 10, na akiendelea kubanwa dakika chache anakufa. Akinusurika bado hajawa salama. Mshipa uliojeruhiwa kwa ndani unaweza kugandisha damu na kumletea kiharusi siku au hata wiki kadhaa baadaye, wakati majirani wameshasahau ugomvi wenyewe. Huko San Diego, Marekani, mafaili 300 ya polisi yanayohusu watu waliokabwa koo yalichambuliwa na matokeo yakachapishwa mwaka 2001. Kwa angalau nusu ya waathirika hao, polisi hawakuwa wameona alama yoyote shingoni. Mwaka 2008, watafiti wa Marekani walionyesha kuwa mwanamke anayepigwa, ikiwa amewahi pia kukabwa koo na mwenzi wake, uwezekano wa kuja kuuawa na mwenzi huyo ni zaidi ya mara saba ya yule ambaye hajakabwa.

Dunia ilianza kwa kujali vichwa vya wanaume waliokuwa ulingoni. Mwaka 1928 daktari Harrison Martland wa New Jersey aliandika juu ya mabondia waliokuwa wakiyumba na kupoteza akili baada ya miaka ya ngumi. Ilipita miaka 62. Mwaka 1990 jarida la kitabibu la The Lancet lilichapisha habari za mwanamke mzee aliyepigwa na mumewe kwa miaka mingi. Ubongo wake ulipochunguzwa baada ya kifo, ulikutwa na madhara yanayofanana na yale ya mabondia. Bondia alikuwa na refa, kengele na daktari pembeni ya ulingo. Mama yule hakuwa na chochote kati ya hivyo.

Mwaka 2003 watafiti Eve Valera na Howard Berenbaum walichapisha matokeo ya kuwahoji na kuwapima wanawake 99 waliopigwa na wenzi wao. Robo tatu yao walikuwa wamepata angalau jeraha moja la ubongo kwa mkono wa mwenzi, na nusu walikuwa wamepata zaidi ya moja. Kadiri majeraha yalivyokuwa mengi, ndivyo uwezo wa kukumbuka, kujifunza na kuhamisha mawazo kutoka jambo moja kwenda jingine ulivyokuwa umepungua. Huko Victoria, Australia, kumbukumbu za hospitali za miaka 10 zilipitiwa, na ripoti ya mwaka 2018 ikasema kuwa kati ya waathirika wapatao 16,000 wa ukatili wa kifamilia waliofika hospitalini, 40 katika kila 100 walikuwa na jeraha la ubongo.

Mwaka 2023 watafiti wa New York nao walichapisha uchunguzi wa bongo za wanawake waliopigwa na wenzi wao enzi za uhai wao. Ule ugonjwa wa mabondia hawakuukuta. Walichokuta ni mishipa ya damu iliyoharibika na nyuzi nyeupe za ubongo zilizoumia, pamoja na maradhi mengine waliyokuwa nayo. Sisi tunajifunza jambo moja kubwa hapo: ubongo wa mwanamke aliyepigwa nyumbani hausomwi kwa kuazima kitabu cha bondia. Unahitaji kitabu chake, na kitabu hicho hakiwezi kuandikwa Marekani na Australia peke yake.

Kwetu hali ikoje? Shirika la Afya Duniani lilipotoa ripoti yake ya mwaka 2005 iliyohusu nchi 10, Tanzania iliwakilishwa na maeneo mawili, Dar es Salaam na Mbeya hii. Kati ya wanawake 100 waliowahi kuwa na mwenzi, 41 wa Dar es Salaam walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kimwili au wa kingono na mwenzi huyo. Kwa Mbeya walikuwa 56. Utafiti wa kitaifa wa Afya ya Uzazi na Mtoto wa mwaka 2015/16 ulikuta asilimia 40 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 wamewahi kufanyiwa ukatili wa kimwili tangu walipotimiza miaka 15. Ule wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 27. Tunaishukuru Serikali na wadau wote kwa hatua hiyo. Lakini asilimia 27 ya wanawake wa nchi nzima ni mamilioni ya watu, na kila mmoja wao ana kichwa.

3. MALALAMIKO YETU

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, malalamiko yetu ni haya yafuatayo.

Kwanza, hatuulizwi. Mwenzetu mmoja alifika hospitali akiwa amepasuka juu ya nyusi. Alishonwa nyuzi nne, kazi safi, leo kovu halionekani. Akapewa dawa ya maumivu, akaruhusiwa. Hakuulizwa kama alizimia, kama alitapika, wala kama hiyo ilikuwa mara ya kwanza. Yeye mwenyewe alisema aliteleza bafuni, kwa sababu aliyempiga ndiye aliyemleta, na alikuwa amesimama hapo hapo ameshika mkoba wake. Nesi yule alifanya kazi yake kwa upendo na hatumlaumu. Tunalaumu utaratibu ambao haukumpa swali la kuuliza, wala chumba cha kuulizia.

Pili, PF3, fomu ya polisi ya matibabu, huandika kinachoonekana. Fomu hiyo ikirudi kutoka kwa daktari inasema "mchubuko" au "uvimbe mdogo", na kwa maneno hayo mawili kesi nzima inashuka uzito. Hali hiyo inatokea wakati Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inahesabu jeraha kubwa au la kudumu la kiungo cha ndani ya mwili kuwa ni madhara makubwa. Ubongo ni kiungo cha ndani. Sheria imeuweka, fomu inauacha.

Tatu, jeraha letu linageuzwa kuwa ushahidi dhidi yetu. Mwanamke anaeleza kituoni kwamba ugomvi ulianzia jikoni. Baada ya wiki mbili anasema ulianzia mlangoni. Siku nyingine hakumbuki kama ilikuwa Jumanne au Jumatano. Anaambiwa, "Mama, unajichanganya." Mahakamani wakili wa utetezi anayaweka maelezo yake mawili sawia, anamdodosa mpaka anatetemeka, na mshtakiwa anatoka. Kichwa kilichobamizwa hakiwezi kuhifadhi mpangilio wa mambo kama kichwa kizima. Mtu aliyempiga mpaka akasahau anafaidika na kusahau huko huko.

Nne, kukabwa koo kunachukuliwa kuwa jambo dogo. Hata sisi wenyewe tumezoea kusema, "Hakunipiga, alinikaba tu." Neno hilo "tu" limeua watu. Uingereza na Wales walilifanya kuwa kosa linalojitegemea katika Sheria ya Ukatili wa Majumbani ya mwaka 2021, na New Zealand walitangulia mwaka 2018. Kwetu mara nyingi huishia kuwa shambulio la kawaida, na wakati mwingine huishia kwa wazee, kwa soda na kuombana msamaha.

Tano, takwimu za taifa hazituoni. Dodoso la utafiti wa kitaifa lina sehemu inayohusu ukatili wa majumbani, na tunalishukuru kwa hilo. Lakini humo kukabwa koo kumewekwa katika swali moja na kuchomwa moto kwa makusudi, ukijibu "ndiyo" haijulikani umejibia lipi. Likifika kwenye majeraha, linauliza michubuko, macho, kuteguka, kuungua, vidonda virefu, mifupa na meno. Jino lina nafasi yake katika dodoso la taifa, kupoteza fahamu hakuna. Na swali hilo si geni, kwa sababu lilikuwemo katika dodoso la Shirika la Afya Duniani lililotumika hapa hapa Mbeya zaidi ya miaka 20 iliyopita.

Sita, majumbani tunapewa majina mengine. Mwanamke akisahau sufuria motoni anaitwa mvivu. Akikasirika kwa kelele za watoto anaambiwa ana mapepo. Akiyumba anapotembea wanasema amelewa. Wifi anasema amerogwa, mama mkwe anasema tangu mwanzo hakuwa na akili. Fedha za kwenda hospitali zinakwenda kwa mganga. Na ndoa ikivunjika, mwanamume yule yule anasimama na kusema, "Huyu hana akili timamu, nipeni watoto."

Saba, utafiti huja na kuondoka. Mama zetu walijibu maswali ya watafiti wakaipa dunia ile namba ya 56. Wengi waliojibu hawajawahi kurudishiwa jibu kwa lugha wanayoielewa. Nchini mwetu hatujashindwa kuyafuatilia majeraha ya ubongo. Hospitali ya KCMC, Moshi, kwa kushirikiana na Chuo Kikuu cha Duke, ilianzisha rejista ya wagonjwa wa aina hiyo, na wengi waliokutwa humo ni wanaume walioumia katika ajali za barabarani. Kazi hiyo ni njema na inathibitisha kuwa uwezo upo. Inatukumbusha pia nani anayefika hospitali. Aliyeanguka na bodaboda hubebwa na wapita njia. Aliyepigwa chumbani hufungiwa mlango.

4. MADAI YETU

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunadai na kuomba yafuatayo:

(i) Ofisi ya Taifa ya Takwimu, pamoja na Ofisi ya Mtakwimu Mkuu wa Serikali Zanzibar, katika utafiti ujao zitenganishe kukabwa koo na kuchomwa moto, na ziongeze maswali mawili: "Je, umewahi kupigwa au kubamizwa kichwani?" na "Je, umewahi kupoteza fahamu au kusahau yaliyotokea kwa sababu ya kitendo cha mwenzi wako?" Dodoso lina mamia ya maswali. Haya mawili hayatalivunja mgongo.

(ii) Wizara ya Afya itoe mwongozo ili kila mwanamke anayefika na jeraha la kichwa, uso au shingo, na kila anayepita Kituo cha Mkono kwa Mkono cha waathirika wa ukatili, aulizwe maswali hayo akiwa faraghani, mbali na aliyemleta. Wahudumu wafundishwe dalili za hatari baada ya kukabwa: sauti kukwaruza, kushindwa kumeza, macho kuvilia damu, udhaifu wa upande mmoja wa mwili. Mama mjamzito asirudishwe nyumbani kabla yeye na mtoto hawajaangaliwa. Pale kipimo kikubwa hakipo, ushauri wa kupumzika, karatasi ya Kiswahili inayoeleza dalili, na tarehe ya kurudi ni tiba ya kuanzia. Na Bima ya Afya kwa Wote, kwa mujibu wa sheria ya mwaka 2023, imjumuishe pia huyu ambaye jeraha lake halionekani.

(iii) Jeshi la Polisi liongeze katika PF3 nafasi ya kuandika kupoteza fahamu, kukabwa koo, kutapika na kuchanganyikiwa. Madawati ya Jinsia na Watoto, ambayo sasa ni zaidi ya 400 nchini, yafundishwe kuchukua maelezo ya mtu mwenye jeraha la ubongo: katika chumba chenye utulivu, kwa vipindi vifupi, arudi tena kesho akipumzika, na tofauti ndogo ya maelezo isihesabiwe kuwa uongo kabla daktari hajamwona.

(iv) Wizara ya Katiba na Sheria ilete mapendekezo ya kufanya kukabwa koo kuwa kosa linalojitegemea. Ofisi ya Mashtaka izoee kumwita daktari aeleze mahakamani jinsi jeraha la ubongo linavyogusa kumbukumbu. Kifungu cha 66 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kilishasema kwamba hakuna mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kipigo. Miaka zaidi ya 50 imepita, na bado kwenye sherehe za kumfunda bibi harusi tunaambiwa tuvumilie.

(v) Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, vyuo vikuu na hospitali za rufaa zianzishe utafiti wa majeraha ya ubongo kwa wanawake walionusurika ukatili wa wenzi. Kituo cha utafiti cha taasisi hiyo kipo hapa hapa Mbeya, na kimeheshimika kwa miaka mingi kwa kazi ya Ukimwi na kifua kikuu. Tunaomba utafiti huo uwe na masharti matano. Wanawake walionusurika wawemo tangu kuandaa maswali, wasiishie kujibu tu. Vipimo vya kumbukumbu visiwe tafsiri ya karatasi za ng'ambo, kwa kuwa mama asiyesoma darasani lakini anayejua riba ya watu 30 kichwani ataonekana mjinga kwenye karatasi hiyo. Utafiti utenganishe jeraha la ubongo na huzuni, hofu na kukosa usingizi, maana vinafanana na mara nyingi vinakaa pamoja. Usalama uwe mbele, kama miongozo ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2001 inavyotaka: mume asijue kilichoulizwa, siri isitoke, na anayehitaji msaada aupate siku hiyo hiyo. Na majibu yarudi kwetu, kwa Kiswahili, kabla hayajasomwa kwenye mkutano wa nje ya nchi.

(vi) Mahakama na ustawi wa jamii wahakikishe kwamba cheti cha jeraha la ubongo hakigeuki fimbo ya kumnyang'anya mama watoto wake. Bila ulinzi huo hakuna mwanamke atakayekubali kupimwa, na utafiti wote utakufa kabla haujaanza. Anayethibitika kuumia kiasi cha kushindwa kazi atambuliwe chini ya Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010, apate haki zake, zikiwemo za mikopo ya halmashauri.

(vii) Wizara ya Maendeleo ya Jamii, Jinsia, Wanawake na Makundi Maalum iingize jeraha la ubongo katika utekelezaji wa awamu ya pili ya Mpango Kazi wa Taifa wa Kutokomeza Ukatili dhidi ya Wanawake na Watoto (MTAKUWWA), 2024/25 hadi 2028/29, kwa fungu la fedha linaloonekana. Mpango usio na fedha ni karatasi, nasi karatasi tunazo za kutosha.

5. AHADI ZETU

Hatukuja kuomba huku tumekunja mikono. Tulipokuwa tukiandaa risala hii tuliketi chini ya mti, tukafunga simu, tukaulizana wenyewe kwa wenyewe: "Uliwahi kuzimia?" Tulianza saa nne asubuhi, tukamaliza jua linazama. Wapo waliojibu mara moja. Wapo waliosema hapana, kisha wakanyamaza, kisha wakasema, "Subiri kwanza." Yaliyosemwa pale hatutayaleta hapa. Tunaloweza kusema ni kwamba hakuna hata mmoja aliyewahi kuulizwa swali hilo na daktari, askari au mtafiti.

Kwa hiyo tunaahidi mambo matatu. Tutaendelea kuulizana, na kumsindikiza hospitali kila atakayejibu ndiyo. Katika vikundi vyetu, hesabu ikipotea tutapitia daftari kwanza kabla ya kumwita mtu mwizi. Na binti zetu wanapoolewa, maneno ya "vumilia mwanangu" tutayaacha. Tutawaambia, "Ukishikwa koo hata mara moja, rudi nyumbani siku hiyo hiyo, mlango uko wazi."

Kwa akina baba mliohudhuria tunawaomba jambo moja. Kaka yako, rafiki yako au kijana wako akijisifu kijiweni kwamba amemtuliza mkewe kwa kofi la kichwa, usicheke. Mwambie alichokipiga.

6. HITIMISHO

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Sisi maradhi yetu hatukuyaficha. Tulikuwa nayo hatujui jina lake, na waliokuwa na uwezo wa kutupa jina hawakutuuliza.

Yule mwenzetu mweka hazina yupo hapa, mstari wa pili, amevaa kofia kwa sababu ya jua. Ufunguo tumemrudishia. Hesabu anaziandika na mwenzake pembeni, kila mstari unasomwa kwa sauti mara mbili, na tangu tuanze utaratibu huo daftari halijapungua shilingi. Kilichohitajika ni sisi kukubali kwamba tulilisoma vibaya, na kukaa chini tulisome upya. Nanyi tunawaomba mkasome upya yenu.